Je, Klore Katika Maji Inaleta Sumu?

Kama wakaa Mabanga, wajua taabu ya maji. Siku nyingine bomba hutoa maji, siku nyingine ni kavu tangu asubuhi hata jioni. Ndipo watoto huchukua bidoni za manjano na kutelemka mpaka ziwa Kivu, au mwenye chukudu huleta bidoni nyingi kwa mara moja na kuziuza mlango kwa mlango. Mji wetu wa Goma umejengwa juu ya mawe yaliyotoka katika mlima wa moto wa Nyiragongo, na katika mawe hayo si rahisi kuchimba kisima. Kwa hiyo watu wengi wa hapa hunywa maji ya ziwa, ama yakipita katika bomba, ama yakichotwa kwa mkono.

Wakati wa hatari ya kolera, watumishi wenye sirinji husimama kando ya ziwa. Kila bidoni inayotoka majini hutiwa dawa ya klorini, ambayo sisi twaiita klore. Mama akifika nyumbani na kufungua bidoni, husikia harufu ya dawa. Mtoto hukataa kunywa. Kisha jirani husema, "Mama, usiwape watoto maji hayo. Klore inaleta kansa. Hata wenye elimu wameipima, wakaona sumu."

Je, jirani huyo asema kweli? Katika neno lake imo kweli kidogo, na lipo pia kosa kubwa linaloweza kuua mtoto. Yafaa tutenge hayo mawili, maana mama anayemwaga maji yenye dawa na kuteka yasiyo na dawa anaamua juu ya uhai wa nyumba yake.

KAZI YA KLORE

Kolera, ndiyo kipindupindu, huletwa na kijidudu kidogo kisichoonekana kwa macho. Hutoka katika choo cha mgonjwa, huingia katika maji, na kwa maji huingia kinywani mwa mtu mwingine. Mtu akipatwa sana, maji ya mwili wake humtoka kwa kuhara na kutapika, hata mtu mzima mwenye nguvu aweza kufa kwa saa chache asipotibiwa.

Klore huua kijidudu hicho. Mwaka 1908 mji wa Jersey City, katika Marekani, ulianza kutia klore katika maji ya mji mzima kila siku. Miji mingine ikafuata, na homa ya matumbo na magonjwa mengine ya maji yakapungua sana.

Watu wa Goma hawahitaji kwenda mbali kutafuta ushuhuda. Mwezi wa Julai 1994 wakimbizi mamia ya maelfu waliingia kwetu kutoka Rwanda. Wengi walikunywa maji ya ziwa bila dawa. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi wao kwa kolera na kwa kuhara damu iliyofuata. Mwezi wa Mei 2021 moto wa Nyiragongo uliharibu tangi kubwa la maji na mabomba, na watu karibu 500,000 wakakosa maji safi. Miaka ya 2022 na 2023 kolera ilishika kambi za waliokimbia vita kando ya mji. Na mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, umeme na maji vilikatika, watu wakarudi ziwani na bidoni zao. Kila mara mambo kama hayo yakitokea, klore imekuwa ukuta kati ya kijidudu na mtoto.

KWELI ILIYOMO KATIKA NENO LA JIRANI

Maji ya ziwa au ya mto si maji matupu. Ndani yake mna mabaki ya majani yaliyooza, mwani, na uchafu wa udongo. Klore ikitiwa, haichagui. Huwashambulia vijidudu, na pia hushambulia mabaki hayo. Katika kupambana huko huzaliwa vitu vipya ambavyo havikuwamo katika maji wala katika dawa. Hapa tutaviita mazao ya klore.

Mtu aliyefunua jambo hili ni Johannes Rook, mtaalamu wa maji wa mji wa Rotterdam katika Uholanzi. Mwaka 1974 alitangaza kwamba maji yaliyotiwa klore yalikuwa na klorofomu, hali maji yale yale kabla ya kutiwa dawa hayakuwa nayo vile. Mwaka huo huo wataalamu wa Marekani walitangaza jambo kama hilo. Hivyo kwa miaka zaidi ya 60 watu walikunywa maji yenye klore kabla ya mtu kujua habari hii.

Pengine jina la klorofomu si geni kwako. Ndiyo dawa ya usingizi iliyotumika zamani katika hospitali wakati wa kupasua mgonjwa, nayo iliachwa kwa sababu ilidhuru moyo na ini ikitumiwa kwa wingi.

Klorini ina ndugu zake, kama bromini na iodini. Jamaa hii yote huitwa halojeni. Mazao ya klore yana halojeni ndani yake, na yako ya namna nyingi. Mafungu mawili ndiyo hupimwa zaidi. Fungu la kwanza ni la vitu vinne vinavyogeuka mvuke upesi: klorofomu, bromofomu, na viwili vilivyo kati yao, vyenye klorini na bromini pamoja. Fungu la pili ni la asidi, ambazo hukaa katika maji wala hazigeuki mvuke upesi.

Je, mazao haya huleta kansa? Panya waliopewa klorofomu nyingi sana walipata uvimbe wa kansa. Kwa wanadamu, uchunguzi mwingine umeonyesha kwamba watu waliokunywa maji yenye mazao mengi kwa miaka mingi walipata kansa ya kibofu zaidi kidogo kuliko wengine. Lakini mwaka 1991 shirika la kimataifa linalochunguza kansa lilipopima ushahidi wote wa maji yenye klore, liliona hautoshi kusema kwamba maji hayo huleta kansa kwa mtu. Basi jambo hili halidharauliwi. Ndiyo maana hupimwa.

NAMNA YA KUPIMA

Hapa watu wengi huchanganya vipimo viwili, nao si kimoja.

Kipimo cha kwanza ni cha klore iliyobaki. Mtumishi wa maji huchota maji kidogo katika kikopo cha kioo, hutia kidonge, na maji hugeuka rangi ya waridi. Rangi ikikolea, klore ni nyingi. Rangi ikififia, ni kidogo. Isipoonekana rangi, klore imekwisha, na maji hayana mlinzi. Kipimo hiki chafanyika kando ya ziwa, shuleni, au uani kwako, kwa dakika chache.

Kipimo cha pili ni cha mazao ya klore. Hicho hakifanyiki kando ya ziwa, bali hutaka nyumba ya maabara na mashine. Mpimaji huchukua chupa ndogo ya kioo ya mililita 40 na kutia ndani yake chembe za dawa inayozima klore, ili klore isiendelee kuzaa njiani. Kisha huijaza maji pomoni. Hupindua chupa juu chini aangalie kama pana povu la hewa, maana klorofomu hukimbilia hewani, na chupa yenye hewa hutoa hesabu ya uongo. Chupa huwekwa mahali pa baridi na kupelekwa maabara, ipimwe kabla ya siku 14 kupita.

Huko mvuke wa vitu hivyo hutolewa katika maji na kusukumwa kwa gesi ndani ya mrija mwembamba kama uzi, wenye urefu wa mita 30 hivi, uliokunjwa kama kamba. Fikiri watu wanaotoka Goma pamoja kwenda Sake kwa miguu. Wote huanza saa moja, lakini mwepesi hufika kwanza, na mwenye mzigo hufika nyuma. Ndivyo ilivyo katika mrija. Klorofomu hutoka kwanza, bromofomu mwisho, na kila kimoja kina dakika yake. Mlangoni pa mwisho hukaa kifaa kinachohisi halojeni upesi sana, hata zikiwa kidogo mno, nacho huandika ni kiasi gani kimepita. Zile asidi za fungu la pili hazipendi kugeuka mvuke, hivyo mpimaji huzigeuza kwanza kwa dawa nyingine ndipo aweze kuzipitisha mrijani.

MIZANI YA HESABU

Mazao haya huhesabiwa kwa mikrogramu. Ukigawanya gramu moja mara 1,000,000, kila kipande ni mikrogramu moja. Shirika la Afya Duniani, ambalo hapa twaliita OMS, limeweka mpaka kwa kila lita ya maji: klorofomu isizidi mikrogramu 300, bromofomu 100, na wale wawili wa katikati, mmoja 100 na mwingine 60.

Angalia klorofomu. Mikrogramu 300 kwa lita, katika bidoni ya lita 20, ni miligramu 6 tu. Hizo ni kidogo kuliko uzito wa chumvi unayoshika kwa ncha za vidole viwili. Na mpaka huo haukuwekwa kwa mtu anayekunywa leo na kesho. Umewekwa kwa mtu mzima anayekunywa lita 2 kila siku, maisha yake yote.

Kwa kuwa vinne hivi hukaa pamoja, haitoshi kupima kimoja peke yake. Kila kimoja hugawanywa kwa mpaka wake, kisha majibu hujumlishwa, na jumla isizidi 1. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Maji yakiwa na klorofomu 60, gawanya kwa 300, wapata 0.2. Yakiwa na kile chenye mpaka wa 60, nacho ni 12, wapata 0.2 tena. Kile chenye mpaka wa 100 kikiwa 10, wapata 0.1. Bromofomu isipokuwamo, jumla ni 0.5. Maji hayo hayajafika hata kwenye mpaka.

Nchi nyingine zina mipaka mikali zaidi. Marekani mwaka 1979 iliweka mikrogramu 100 kwa jumla ya vyote vinne, baadaye ikashusha hadi 80, na kwa asidi tano za fungu la pili ikaweka 60. Lakini hakuna nchi kati ya hizo iliyosema, "Basi tuache kuua vijidudu." Hupunguza uchafu wa maji kwanza, ndipo hutia dawa. Nayo OMS, iliyoweka mipaka hiyo, yasema wazi kwamba mtu asipunguze kazi ya kuua vijidudu kwa ajili ya kuogopa mazao ya klore.

WALIOPIMA KATIKA KENYA

Pengine utasema, "Hayo ni ya miji mikubwa yenye maji meupe. Je, maji yetu yenye matope?" Swali ni jema, na liliulizwa katika Kenya ya magharibi. Wataalamu walichukua maji ya vijijini, mengine meupe, mengine ya matope mazito, wakayatia klore kama mama wa nyumba afanyavyo, kisha wakapima vile vinne vya fungu la kwanza. Habari yao ilitangazwa mwaka 2008. Hapakuwa na maji hata mamoja yaliyopita mpaka wa OMS, wala yale ya matope.

Tena, katika uchunguzi mwingine, wataalamu walijaribu njia tatu za kusafisha kabla ya kutia dawa: kuchuja kwa kitambaa, kuacha maji yatulie na kumimina yale ya juu, na kuchuja kwa mchanga. Kutuliza na kuchuja kwa mchanga kulisaidia sana, maji yakahitaji klore kidogo zaidi. Kitambaa peke yake hakikutosha. Basi mama aliye na ndoo mbili ana kifaa tayari.

MAJI YA KIVU YANA TABIA YAKE

Ziwa letu lina jambo la pekee. Maji yake yana hali ya magadi. Wataalamu hupima hali hiyo kwa hesabu iitwayo pH: maji yasiyo na uchungu wala magadi ni 7, na maji ya juu ya ziwa Kivu hufika karibu 9. Jambo hili huigusa klore kwa njia mbili.

Kwanza, katika maji ya magadi klore huwa mvivu. Mahali pengine nusu saa hutosha, na baada yake klore iliyobaki yapasa kuwa angalau miligramu 0.5 kwa lita. Lakini kanuni hiyo ni ya maji yenye pH chini ya 8. Maji ya Kivu yakichotwa moja kwa moja yahitaji muda zaidi. Mtu anayetiliwa dawa ziwani na kunywa njiani kabla ya kufika Mabanga amekunywa maji ambayo kazi yake haijakwisha.

Pili, hali ya magadi huzidisha klorofomu na wenzake, ingawa hupunguza zile asidi. Kwa hiyo usizidishe dawa kwa kukisia. Mtu anayesema, "Ziwani wametia, nami nitatia tena kofia mbili ili kuwa salama," ameongeza harufu, ameongeza mazao, na watoto watakataa kunywa. Akikataa maji yenye dawa, mtoto huenda kunywa kwa jirani yasiyo na dawa.

YAFAA TUFANYE NINI?

Kwanza, bidoni iwe safi. Uchafu ulioganda ndani hula klore na kuzaa mazao bure. Ioshe kwa sabuni, na kwa vijiwe vidogo ukiitikisa.

Pili, maji yakiwa na matope, yaache yatulie katika ndoo yenye kifuniko. Mimina yale meupe katika chombo kingine, ndipo utie dawa.

Tatu, tia kipimo kilichoandikwa juu ya chupa au karatasi ya dawa, wala si zaidi. Dawa hizi hazina nguvu moja, kwa hiyo usitumie kipimo cha dawa hii kwa dawa nyingine. Kama bidoni imekwisha kutiwa dawa ziwani, usitie tena, ila mtumishi akipima na kukuta klore imekwisha.

Nne, ngoja. Nusu saa ni kidogo mno kwa maji ya ziwa yaliyochotwa kwa mkono, hivyo yape saa nzima au zaidi.

Tano, funika chombo, na uchote kwa kikombe chenye mkono mrefu au kwa bomba dogo. Usikiache wazi siku nzima ili harufu itoke, maana mikono na nzi huingia. Harufu kidogo ya klore yaonyesha kwamba mlinzi yungalipo.

Sita, mwenye makala ya kutosha aweza kuchemsha maji. Moto huua vijidudu, nayo klorofomu hutoka pamoja na mvuke. Lakini klore pia hutoka, kwa hiyo maji yaliyochemshwa hayana tena wa kuyalinda, na yafaa yanywewe upesi.

Tena, wazee wa mtaa na walimu wanaotunza matangi ya shule na ya kanisa wana haki ya kuuliza wenye kuleta maji: Leo mmepima klore iliyobaki? Mmeona hesabu gani? Maji huchujwa kabla ya kutiwa dawa? Na kwa maji ya bomba yanayonywewa na mji mzima mwaka baada ya mwaka, ni haki pia kuuliza kama mazao ya klore yamepimwa, na lini.

Basi ukimsikia jirani akisema klore inaleta kansa, usimcheke. Mwambie, "Uliyosikia yana kweli ndani yake. Mazao hayo yapo, nayo hupimwa, na mpaka wake umewekwa kwa ajili ya mtu anayekunywa maisha yake yote. Lakini kolera haingoji miaka. Mtoto akinywa maji mabaya leo, aweza kuwa mgonjwa kesho." Kisha mwonyeshe namna unavyotuliza maji, unavyopima dawa, na unavyongoja. Na mtu yeyote wa nyumbani akianza kuhara kama maji ya mchele, mpe kinywaji cha chumvi na sukari cha pakiti, na umpeleke hospitali bila kukawia, hata kama ni usiku.

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

1. Kwa nini maji yenye matope huzaa mazao mengi ya klore?

2. Kidonge kinachogeuza maji kuwa rangi ya waridi hupima nini? Je, hupima pia klorofomu?

3. Kwa nini maji ya ziwa Kivu yangoje muda mrefu zaidi baada ya kutiwa dawa?

4. Mama ana bidoni iliyotiwa dawa ziwani, na harufu yake ni kali. Afanye nini, na asifanye nini?